Ujia wa Nindja na msitu wa Kahuzi-Biega

Mtu akisimama Bukavu na kutazama upande wa magharibi, aona safu ya milima ambayo kilele chake kirefu ni Kahuzi, chenye meta 3.308. Karibu nacho kiko kilele cha pili, Biega, chenye meta 2.790. Yote miwili ni milima ya moto iliyozimika zamani sana. Kwa majina yao iliitwa Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na makao yake, Tshivanga, yako kilometa kama 30 kutoka mjini. Wengi wetu twajua jambo moja tu juu ya parki hiyo, yaani kwamba mna gorila. Katika maandiko haya twataka kueleza jambo la pili, ambalo mpita njia halioni: parki hiyo ni kama nyumba ya vyumba viwili, na mlango wa kutoka chumba kimoja kwenda cha pili umezibwa karibu wote. Tukijua namna mlango huo ulivyozibwa, nani aliuziba na kwa sababu gani, tutajua pia njia ya kuufungua.

Vyumba viwili na mlango mmoja

Chumba cha kwanza ni msitu wa mlimani, wenye kilometa za mraba 600 hivi. Huko kuna baridi na ukungu, na mianzi imeota kwa wingi. Machipukizi yake yakitokea, gorila huyala kwa furaha kubwa. Chumba cha pili ni msitu mpana wa bondeni, unaoshuka upande wa magharibi kuelekea Shabunda, Walikale na Punia, hata mahali penye meta 600 tu juu ya bahari. Vyote viwili pamoja vyapata kilometa za mraba 6.000. Katika Afrika ni mahali pachache ambapo msitu wa bondeni wapanda polepole hata kuwa msitu wa mlimani. Kwa sababu hiyo viumbe ni vya namna nyingi: wataalamu wamehesabu humo jamii 136 za wanyama wanyonyeshao na jamii 349 za ndege.

Kati ya vyumba hivyo pana ujia mwembamba, wenye upana wa kilometa chache tu, unaopita nchi ya Nindja, upande wa Kabare. Wataalamu wa leo huita njia ya namna hiyo ushoroba. Sisi tutatumia neno la zamani, ujia.

Huenda mtu atauliza: Kama vyumba vyote viwili vimelindwa, mlango una kazi gani? Ana haki ya kuuliza, na majibu ni matatu.

La kwanza ni la uzazi. Gorila wa Kahuzi ni wa namna iitwayo gorila wa Grauer, kwa jina la Rudolf Grauer, mtu wa Austria aliyesafiri katika nchi hizi mwanzoni mwa karne ya 20. Gorila hao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kongo yetu, upande wa mashariki. Wale wa mlimani ni wachache, hawafiki mia tatu. Wakifungiwa peke yao, itawapasa kuzaana ndugu kwa ndugu. Wazee wetu walijua ubaya wa jambo hilo, ndiyo maana walimkataza kijana kuoa ndani ya ukoo wake, wakamtuma kutafuta mchumba ng'ambo ya kilima. Gorila naye ahitaji ng'ambo ya kilima. Mwaka 2019 wataalamu walilinganisha mifupa ya gorila wa Grauer iliyohifadhiwa Ulaya kwa muda wa miaka mia hivi na gorila walio hai leo. Waliona kwamba damu ya hawa wa leo imekwisha kupungukiwa sana utofauti wake. Kizazi cha namna hiyo huwa dhaifu mbele ya magonjwa.

La pili ni la chakula na usalama. Ugonjwa ukiingia, au moto, au watu wenye bunduki, mnyama mwenye njia ya kutokea aweza kukimbia na kurudi baadaye. Asiye na njia hufa papo hapo.

La tatu ni la msitu wenyewe. Ndovu akipita huvunja matawi, hukanyaga majani yatambaayo, hubeba mbegu tumboni na kuziacha mbali. Ndovu wa msitu wa mlimani waliuawa karibu wote katika vita tutakavyovisimulia. Tangu hapo mimea itambaayo imeenea mno juu ya miti na mianzi, na wataalamu wengi husema kwamba kutoweka kwa ndovu ni moja ya sababu zake. Mlango ukizibwa, nani atawaleta ndovu wengine?

Nchi iliyoitwa tupu

Habari hii yaanza mbali. Tarehe 1, mwezi wa saba, mwaka 1885, Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilitangaza kwamba nchi zote tupu za Kongo ni mali ya Serikali. Neno hilo «tupu» lilikuwa neno dogo, lakini matata yake yangali yakiendelea. Maana katika Bushi mtu hakupata shamba kwa karatasi. Alipeleka ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wake, akapewa kalinzi, yaani haki ya kulima ambayo watoto na wajukuu wake waliirithi. Jirani walijua, na mipaka ilijulikana. Huko msituni nako, Watwa waliwinda, wakatafuta asali na dawa, wakazika wafu wao. Hawakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya kudumu, basi machoni pa wakubwa msitu wao ulionekana mtupu.

Mwaka 1928 iliundwa halmashauri kubwa ya wenye mali, iliyoitwa Comité National du Kivu, nayo ikapewa mamlaka juu ya nchi nyingi ili kuzigawia Wazungu waliotaka kulima. Kahawa, kinini na chai zikaenea juu ya vilima vizuri vya Kivu. Raia wakabanwa katika nafasi iliyosalia, na kila mwaka waliongezeka. Hapo ndipo tuuone mwanzo wa njaa ya ardhi ambayo baadaye ililisukuma jembe hata ndani ya ujia.

Mwaka 1937 Serikali ya Wabelgiji iliutenga msitu wa mlima Kahuzi kuwa mahali pa kuhifadhi miti na wanyama. Watwa waliendelea kukaa humo. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Baada ya uhuru alitokea Mbelgiji mmoja aliyekaa Kivu, jina lake Adrien Deschryver. Aliwapenda gorila, akakaza nia kuwalinda. Akisaidiwa na Watwa waliojua kusoma nyayo kama mwalimu asomavyo kitabu, alifuata kundi la gorila siku kwa siku, mpaka wakamzoea na kuacha kumkimbia. Dume kubwa la kundi moja, Casimir, likawa na sifa hata Ulaya. Tarehe 30, mwezi wa 11, mwaka 1970, Serikali ya Kongo ilitangaza kuwa msitu huo wa kilometa za mraba 600 ni parki ya taifa. Ndipo watalii walipoanza kupanda Kahuzi kuwatazama gorila kwa karibu, kabla jambo hilo halijajulikana katika nchi jirani. Twaweza kusema kwamba utalii wa gorila ulizaliwa kwetu.

Mwaka 1975, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, parki iliongezwa mara kumi. Msitu wa bondeni ukatiwa ndani, na Nindja pia, ili vyumba viwili viunganike. Kwa upande wa wanyama, mawazo hayo yalikuwa mazuri kabisa. Aliyechora mstari ule alijua maana ya ujia. Lakini ndani ya mstari walikuwamo watu kwa maelfu: Washi, Watembo, Warega na Watwa. Wengi wao hawakuulizwa neno. Kalinzi ilitolewa mbele ya watu waliojuana. Mpaka wa parki ulitolewa ofisini, na wengine waliusikia miaka mingi baadaye, walipokamatwa na walinzi.

Wenyeji wafukuzwa, wakubwa waingia

Waliopatwa zaidi ni Watwa. Katika miaka ya 1970 walitolewa msituni, na idadi yao yakadiriwa kati ya 3.000 na 6.000. Hawakupewa shamba, hawakulipwa. Walisambaa pembeni mwa vijiji vya wengine, wakifanya vibarua, na watoto wao wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa. Watu waliomsaidia Deschryver kuwaona gorila ndio waliokatazwa kuingia mahali walipo gorila. Jambo hilo ni gumu kulisimulia, lakini historia ya parki hii bila Watwa si historia.

Katika ujia wenyewe mambo yalikwenda kinyume. Watu wa Nindja walikuwako kabla ya mwaka 1975, nao hawakuukubali mpaka mpya. Tena mwaka 1973 ilikuwa imetolewa sheria ya kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali. Mwenye kalinzi alibaki bila karatasi, na yule aliyejua mlango wa ofisi aliweza kupata hati juu ya kilima ambacho hajakikanyaga. Basi, kadiri miaka ilivyopita, hati zikatolewa hata ndani ya ujia, ingawa sheria ya parki ilikataza. Wakubwa wenye fedha wakafungua mashamba makubwa, wakafuga ng'ombe. Mkulima mdogo, akiona tajiri hafukuzwi, naye akaingia na jembe lake.

Tuangalie vizuri: wako watu wa namna mbili katika ujia. Yuko maskini wa Kabare, mahali ambapo watu wamesongamana kwa mamia katika kila kilometa ya mraba, ambaye baba yake alimwachia kipande kisichotosha kulisha nyumba. Na yuko bwana mwenye hati ya uongo, asiyekosa kula hata kama ng'ombe wake wangelisha kwingine. Kosa la kwanza lina dawa yake, na kosa la pili lina dawa nyingine. Wanaosema kwa haraka kwamba «raia wamevamia parki» huwatia wote wawili katika gunia moja, na mara nyingi fimbo humwangukia aliye mdogo.

Miaka ya bunduki

Mwaka 1980 Kahuzi-Biega iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1990 walihesabiwa gorila 258 katika msitu wa mlimani, na watalii walikuja kila mwaka. Lakini mwaka 1994, baada ya mauaji makubwa ya Rwanda, wakimbizi kwa mamia ya maelfu waliingia Kivu, na miti mingi ilikatwa kwa kuni na makaa. Mwaka 1996 vita vilianza Kongo, na mwaka 1998 vilianza tena. Walinzi wa parki walinyang'anywa silaha. Mwaka 1997 UNESCO iliitia parki katika orodha ya mahali palipo hatarini.

Kisha yakaja mambo ya koltani. Kati ya mwaka 2000 na 2001 bei yake ilipanda ghafula katika nchi za viwanda, maana yatumika katika simu na mashine nyingi za umeme. Watu kwa maelfu waliingia msitu wa bondeni kuchimba, wakiongozwa au wakitozwa ushuru na wenye bunduki. Mchimbaji hana shamba, basi alikula nyama ya porini: ndovu, nyani, na gorila pia. Ujia wa Nindja ukawa mahali pa majeshi ya kila namna, na mlinzi hakuweza kupita.

Mwaka 2000, walipohesabu tena msitu wa mlimani, walipata gorila 130 tu. Karibu nusu walikuwa wamekwisha. Na tena, waliouawa upesi walikuwa wale waliozoeshwa watu. Yule aliyefundishwa kutomkimbia mtalii hakumkimbia jangili. Neno hilo lastahili kukumbukwa na kila mwenye kupanga safari za gorila. Kumzoesha mnyama wa mwitu ni kujitia deni. Tukiisha kumwondolea hofu yake, imetupasa kumlinda siku zote, hata siku ambazo hakuna mtalii wala fedha.

Polepole gorila wa mlimani waliongezeka tena: 168 mwaka 2004, na 181 mwaka 2010. Wakati huo huo hali ya gorila wa Grauer wote katika Kongo ilikuwa mbaya. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17.000 hivi. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya 3.800. Mwaka 2021, walipopata habari za mahali pengi zaidi, walisema ni kama 6.800. Tusidhani kwamba waliongezeka maradufu kwa miaka mitano. Ni hesabu iliyotengenezwa vizuri zaidi. Hata hivyo ni wachache mno kuliko zamani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wafaa kupimwa kwa methali hiyo. Mgeni amekuja, ameona, amelipa, amerudi kwao. Je, mwenyeji amepona?

Pale Kahuzi baadhi ya wenyeji waliliona swali hilo mapema. Mwaka 1992 John Kahekwa, aliyekuwa mwongozaji wa watalii katika parki, alianzisha na wenzake chama kilichoitwa Pole Pole. Waliona kwamba majangili wengi ni jirani zao wenye njaa. Basi waliwafundisha wengine kuchonga sanamu za miti ili wawauzie wageni, wakaotesha miche kwa maelfu ili watu wapate kuni nje ya parki, wakafungua shule. Kazi hiyo haikungoja amri ya mbali. Iliendelea hata watalii walipokoma kuja.

Katika nchi jirani ya Rwanda, Serikali ilianza mwaka 2005 kutoa sehemu 5 kwa mia ya mapato ya parki kwa vijiji vya kando, na mwaka 2017 ikaongeza kuwa 10 kwa mia. Gorila wa milima ya Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo zinaigawana, walikuwa 254 mwaka 1981; hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604. Si fedha peke yake zilizoleta faida hiyo. Walinzi wengi walifanya kazi kila siku, na waganga wa wanyama walitibu gorila msituni. Katika Virunga ya Kongo walinzi wengi walimwaga damu yao. Lakini jirani anayeona darasa lililojengwa kwa fedha ya gorila huwa mlinzi wa pili.

Mfano juu ya ujia wenyewe twaupata mbali kidogo, Tanzania. Huko kuna parki ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970. Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia hukusanyika karibu na mto Tarangire, na mvua ikinyesha hutoka nje ya parki, huenda kuzaa katika mbuga za Simanjiro, nchi ya Wamasai. Mashamba yalipoanza kuifunika mbuga hiyo, wenye kampuni za safari waliogopa. Wangeweza kuiomba Serikali ipanue mpaka na kuwafukuza watu. Badala yake, katikati ya miaka ya 2000, kampuni kadhaa zilifanya mapatano na kijiji cha Terrat. Kijiji kilikubali kwamba sehemu fulani ya mbuga haitalimwa wala kuchomwa makaa. Kampuni zilikubali kulipa kila mwaka. Ng'ombe wa Wamasai waliendelea kulisha hapo pamoja na nyumbu. Ardhi ilibaki mali ya kijiji, na njia ya wanyama ilibaki wazi.

Twajua kwamba Nindja si Simanjiro. Msitu si mbuga, na mihogo na gorila hawakai pamoja kama ng'ombe na nyumbu. Lakini tofauti kubwa ya habari hizi mbili haiko katika nchi. Iko katika namna ya kuanza. Terrat walianza kwa kuketi chini na kuulizana; Kahuzi mwaka 1975 walianza kwa kuchora mstari.

Utalii una hatari zake pia, hata wenye nia njema. Gorila huambukizwa mafua na magonjwa ya kifua ya watu, nayo yaweza kumwua. Kwa hiyo kuna sheria: mgonjwa asipande; wageni wawe wachache; wasizidi saa moja; wafunike pua na mdomo; wasikaribie kupita meta 7, na tangu ugonjwa wa korona, mwaka 2020, wengi huagiza meta 10. Mtalii anayempa mwongozaji fedha kwa siri ili asogezwe karibu apate picha nzuri ni adui wa mnyama aliyemfuata kwa gharama kubwa. Na mwongozaji anayepokea fedha hiyo auza mtaji wa watoto wake.

Deni lililobaki

Mwezi wa kumi mwaka 2018, baada ya ahadi nyingi zisizotimizwa, jamaa kadhaa za Watwa walirudi msituni kwa nguvu. Kukatokea mapigano. Watwa waliuawa, walinzi nao waliuawa. Wachuuzi wa makaa na watu wenye bunduki waliingia nyuma yao, na sehemu za msitu wa mlimani zikakatwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilitunga sheria ya kulinda haki za Watwa na jamaa zao. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Mataifa, iliyosema kwamba haki za Watwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa, na kwamba yawapasa kurudishiwa ardhi yao na kulipwa. Mwezi wa pili mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bukavu, na hofu mpya ikaingia katika vilima vyote vya kandokando.

Katika hali ya namna hiyo wengine husema: Tungoje amani, ndipo tufikiri habari za wanyama. Sisi twaona vingine. Ujia ukiisha kulimwa wote na mizizi ya miti kung'olewa, amani itakuja na kukuta vyumba viwili visivyo na mlango. Msitu wa mlimani hauoti tena kwa miaka kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi yafaa kufanya nini? Historia tuliyoisimulia yaonyesha mpango wenyewe. Hati zilizotolewa kinyume cha sheria katika Nindja zifutwe, zikianza zile za wakubwa, ili mdogo aone kwamba haki haina upande. Mkulima maskini asiondolewe kwa fimbo. Apewe shamba jingine, au malipo, mbele ya mashahidi wa pande zote, kama desturi ya kalinzi ilivyotaka. Watwa warudishiwe nafasi yao kwa sheria, na maarifa yao ya msitu yawe kazi yenye mshahara, maana hakuna chuo kifundishacho kusoma nyayo kama wanavyofundishana wao. Fungu la fedha ya kila mgeni aonaye gorila liende vijijini kwa hesabu iliyobandikwa ukutani, ambayo kila mtu aweza kuisoma.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Gunia la makaa linaloshushwa sokoni Bukavu laweza kuwa limetoka katika mti wa Kahuzi. Anayelinunua bila kuuliza ameshika panga kwa mkono wa mwingine. Jamaa inayopanda miti ya kuni kandokando ya shamba lake, na mama anayetumia jiko linalokula makaa machache, wafanya kazi moja na mlinzi aliyeko Tshivanga usiku wa mvua.

Watu wa zamani walipokata njia ya kwenda kisimani waliacha sehemu ya shamba bila kulima, wala hawakusema kwamba sehemu hiyo ni tupu. Walisema: Hii ni njia. Tukifika siku ya kusema hivyo juu ya Nindja, sote pamoja, mwami na mkulima, Mtwa na mlinzi, mwenye hoteli na mgeni wake, ndipo gorila wa mlimani watapata tena njia ya kwenda kwa ndugu zao wa bondeni.